Jiwe la Mama

Endamarariek
9 Septemba 1981

Kaka Inosenti,

Barua yako ya Tanga imefika, nami nimemsomea mama pale unaposema utamnunulia mabati. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mdogo wetu Antonia amepokea kipaimara.

Mimi nimepata kibarua cha kuchimba kwa wataalamu wa mambo ya kale. Chini ya kilima tumefukua kijiji kizima cha mawe, cha miaka mia tano, na mifereji yake mikavu. Hatukuona mifupa wala dalili ya vita. Ila katika kila nyumba jiwe la kusagia limelazwa kifudifudi, na wataalamu hawajui kwa nini.

Nilipomsimulia mama, aliacha kupepeta. "Mwanamke hugeuza jiwe akihama asirudi," akasema. "Maji yaliwaishia hao."

Chemchemi yetu sasa inajaza debe moja tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Jana nilitoka misa nikakuta jiwe letu limelala kifudifudi. Mama akasema alikuwa anafagia tu. Kaka, jiwe lile huinuliwa na watu wawili. Nikaenda kwa jirani yetu Hyasinta. La kwake nalo limegeuzwa.

Mabati usinunue kwanza.

Dada yako,
Germana