Bosi Kalipatia Lambo Letu Anwani Yenye Jina la Mkwe

Shangazi Monica, shikamoo. Naomba unisaidie maana mimi kuongea mbele za watu siwezi na shule niliishia la tano, nachapa taarifa kwenye duka la kompyuta la bosi Mudathir hapa Katesh, yeye ndiye katengeneza tovuti ya wafugaji, kila lambo la kunyweshea mifugo lina anwani yake mtandaoni na watu wa chanjo na wa utabiri wa mvua wanaunganisha taarifa zao kwa anwani hiyo, sasa lambo letu la Dirma akalipatia anwani yenye jina la baba yangu, Gidamis, eti kwa sababu ndiye mwenyekiti wa lambo, na kwetu mke wa kaka hatamki jina la mkwe wake hata iweje, kwa hiyo shemeji Udameda alipopiga simu kwamba ng'ombe wanakohoa akasema tu lambo la huku juu, bosi akabonyeza lambo jingine, wachanjaji wakaenda huko, wa kwetu wameanza kufa. Nilipomwambia akacheka mbele ya wateja, "Kijana, mtandao hauna wakwe." Sasa anataka lambo hilohilo lipate anwani ya pili, ya wanawake. Mimi naona mashine itadhani ni malambo mawili. Neno la siri ninalo, nawaza niifute ile ya kwanza akienda msikitini. Wachanjaji wanarudi Jumatatu. Nifute au niache kazi?

Mwenye aibu, Katesh

Marahaba mwanangu. Huyo bosi wako anajua kompyuta, ila hana habari na majirani zake. Mwenyekiti anakufa, anaondolewa mkutanoni, lambo liko palepale. Nani alimtuma aandike jina la mtu kwenye anwani ya maji? Na hiyo ya wanawake ni upuuzi mwingine, nusu ya chanjo itapelekwa kwenye lambo ambalo halipo.

Na wewe usijifanye malaika. Ukifuta, kila aliyejiunganisha na anwani hiyo atakuta patupu, na ng'ombe wa Dirma hawataonekana popote. Mbele za watu una aibu, bosi akigeuka unakuwa shujaa.

Lambo moja, anwani moja. Iwe namba tu, bila jina wala cheo cha mtu, na isibadilishwe. Ile ya zamani ibaki, impeleke mtu kwenye hiyo mpya. Majina ya lambo yaandikwe ndani ya ukurasa, yote, na lile analolitumia shemeji yako limo, ili akipiga simu lambo lipatikane kwa jina analoweza kulitamka.

Ila ng'ombe hawangoji tovuti. Leo hii mpigie bwana mifugo, umwambie kwa mdomo wako wanaokohoa wako wapi. Bosi akinuna, mwache anune. Yeye hana ng'ombe Dirma.