Bugarama Bila Wewe, Yaya

Yaya Furaha,

Sikusalimu. Salamu utazipata mbele, moyo wangu ukishatulia. Kwanza nikuulize: binadamu anawezaje kukaa na mwenzake tangu Pasaka wakipanga safari, wakichagua siku, wakitafuta gari, wakigombania viazi vya kubeba, huku anajua fika kwamba siku hiyo ikifika yeye hatakuwepo? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyefanya hivyo. Mimi hadi leo nikikumbuka inanibidi nikae chini. Juzi nilikumbuka nikiwa jikoni, maharage yakaungua hadi jirani akaja kuuliza kama kuna mtu ndani.

Namba yako haipatikani na anwani yako siijui, kwa hiyo nakuandikia mbele ya watu wote. Na watu wakiona nakuita Yaya wasidhani ulinilelea watoto. Kwa Kiswahili cha kwenu Kongo yaya ni dada mkubwa, na mdogo wake anaitwa mudogo. Uligawa vyeo hivyo mwenyewe, bila kuniuliza.

Ilikuwa mwaka uleule niliofiwa na mume wangu. Nilikuwa natoka nyumbani Mutakura asubuhi, nafanya kazi yangu ya usekretari ofisini, mtaa wa Kigobe, narudi, nafunga geti, nawasha redio. Siku za mapumziko sikutoka kabisa. Wewe ulikuwa na meza yako ya vitenge mkabala na geti langu, na nilidhani unaangalia wateja. Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi. Jumamosi moja alfajiri ukagonga geti kwa jiwe, umevaa suruali ya spoti na kitenge juu yake.

"Mudogo, toka! Utaoza mu nyumba."

Nikasema mimi si mtu wa kukimbia barabarani. Ukasema, "Nani amekuambia ukimbie? Tembea. Batu watakimbia, siye tutatembea nyuma yao."

Ndivyo tulivyoanza. Kilabu cha spoti cha mtaa kilipita kikiimba na kupuliza filimbi, vijana mbele, wazee wenye vitambi katikati, sisi wawili mkiani tukicheka hadi pumzi zinatuishia. Baada ya miezi michache ukabadilisha mtindo. Tukifika penye mlima ulinisukuma mgongoni. "Apana, we tangulia. Mi niko nyuma." Nikigeuka kukungoja ulikasirika. Nilidhani ni ukali wako wa kawaida.

Spoti ikiisha tulikaa mahali petu, ile kona ambayo milima ya Kongo inaonekana yote ng'ambo ya ziwa. Wengine walikuwa wanasifu uzuri wake. Wewe uliitazama kwa hasira, kama mtu aliyesimamiwa mbele kwenye foleni.

"Kila mutu ananiambia, Furaha, kwenu si ni pale. Apana! Kwetu si pale. Kwetu ni nyuma ya ule ukuta. Miaka yote hii niko naangalia ukuta."

Ulinisimulia hicho kijiji chenu cha juu kabisa, nyuma ya Uvira, baridi yake, maziwa yake, kanisa la mabati lililoimba lenyewe mvua ikinyesha. Ulisema mlishuka usiku mmoja bila hata kufunga mlango. Hukuwahi kulisema hilo mara mbili.

Kisha dereva mmoja wa lori la kabichi, Deo, akakuambia kwamba Bugarama, kule milimani juu ya mji, ukipanda juu ya mashamba ya chai, mwanzoni mwa Juni, mvua zikishakatika na moshi wa kiangazi haujaanza, unaona milima ya Kongo na iliyo nyuma yake. Ulikuja getini kwangu mbio. "Mudogo, tunaenda. Tukifika kule juu utanionyesha kwetu." Nikasema nitakuonyeshaje mahali nisipopajua? Ukasema, "We utanyoosha kidole tu. Mi nitakuambia kama ni pale."

Hapo ndipo mipango ikaanza, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwa sababu ulipanga kwa bidii, Yaya! Wewe ndiye uliyesema Bugarama ina nyumba ya wageni ya mama mmoja anayepika vizuri, wewe ndiye uliyempigia simu. Esansi, yaani petroli, ilikuwa imeadimika mjini na mabasi hayaeleweki, ukazungumza na Deo atupandishe na lori lake linapokwenda tupu kuchukua kabichi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuomba konje, ruhusa ya mapumziko, ofisini. Nilipoiomba wenzangu wote waliacha kuandika.

"Unaenda Bugarama? Nani amefariki?"

Nikasema hakuna aliyefariki. "Basi kuna harusi?" Hakuna harusi. "Sasa unaenda kufanya nini?" Nikasema naenda kupanda mlima kwa miguu, nikifika juu nashuka. Bosi wangu alivua miwani akanitazama kwa huruma. Nilipokusimulia ulicheka hadi ukashika meza, vitenge vikaanguka.

Wiki hiyohiyo ulinipeleka sokoni kwenye mitumba kuchagua viatu vya kupandia. Ulinivalisha jozi baada ya jozi, ukabonyeza vidole vyangu, ukagombana na muuzaji. Tulipopata vile vya kahawia nikasema haya, sasa vyako. Ukasema, "Mi niko navyo." Nami nikakubali! Miaka yote hiyo nimekuona na raba zako na ndala zako, nikaamini una buti kubwa zimefichwa mahali.

Na ile jioni tulipozungumzia jirani yetu Baba Rehema na watu wake, unaikumbuka? Wale wakimbizi wenzenu walioambiwa faili lao, dosie, limepita na wanasafirishwa kwenda nchi za mbali, wakagawa masufuria, wakapika, wakaagwa na mtaa mzima, halafu siku ya mwisho wakaambiwa wangoje. Wakarudi kukaa kwenye nyumba tupu, watoto wanalia, mtaa unacheka. Ulisema, "Mi ikifika siku yangu sitasema hata kwa ukuta." Nikakuuliza kwa utani, hata mimi? Ukaendelea kukunja kitenge. "Ile dosie yetu imelala, mudogo. Achana nayo."

Imelala! Nashangaa hadi leo jinsi ulivyolitamka hilo neno, macho makavu.

Alhamisi jioni ukaja na termosi yako nyekundu, ile ambayo hukumwazima mtu. Ukasema yangu haishiki moto. Nikasema basi utaibeba wewe Jumamosi. "We chukua tu." Ukafunga kamba za viatu vyangu, ukazifungua, ukanifanya nizifunge mwenyewe hadi ukaridhika. Kisha ukaondoka bila kwaheri, kwa sababu tulikuwa tunaonana kesho kutwa. Si ndivyo nilivyodhani?

Jumamosi alfajiri nilikuwa wa kwanza kufika pale lori linapoegeshwa. Mtu wa kuchelewa miaka yote, siku hiyo nimewahi, nimevaa buti, nimebeba termosi. Nikapiga simu yako. Haipatikani. Nikapiga ya mume wako. Haipatikani. Nikaenda kwenu kwa miguu nikiwa nimeshatunga matusi ya kukuamshia. Mlango ulikuwa na kufuli ambalo si lenu. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anafua, akaniangalia toka viatuni hadi kichwani.

"Walienda jana asubui, bote. Kanada. Haukujua? We?"

Lile "we" lake ndilo lililoniua. Mtaa mzima haukujua, sawa, lakini kwamba hata mimi sikujua, hilo lilimfanya aache kufua. Nilisimama pale. Nilitazama dirisha lenu lisilo na pazia, na kitu pekee nilichofikiri ni kwamba una makosa, umesahau, safari yetu ni leo. Naapa ndivyo nilivyofikiri. Nilitaka kukupigia tena nikukumbushe.

Nilirudi kwenye lori ili nimwambie Deo aende zake. Alikuwa ameshawasha gari.

"Mama, panda."

Nikasema siendi, mwenzangu hayupo. Akakuna kichwa. "Yule mama wa vitenge aliniambia hatakuwepo. Alisema, hata akikataa, hata akilia, mupandishe."

Yaya! Ulimwambia Deo! Dereva wa kabichi alijua, mimi sijui! Nilipanda kwa hasira tupu. Nilipanda ili nifike huko, nirudi, nikupate popote ulipo nikwambie ubaya wako. Njia nzima nilikuwa nakugombeza, na Deo akiitikia kana kwamba nazungumza naye. Kwenye kona zile kali vijana wa baiskeli walikuwa wameshika nyuma ya lori letu wanavutwa kwenda juu, na mmoja alinipungia mkono. Sikumwitikia. Nilikuwa sijawahi kutoka mjini peke yangu tangu nifiwe, na nililikumbuka hilo tukiwa tumeshaingia kwenye ukungu, meno yakigongana.

Mama mwenye nyumba ya wageni anaitwa Consolata. Alinipokea getini kama tunafahamiana, akanipeleka chumbani. Kitanda kimoja. Blanketi mbili zimekunjwa, na beseni la maji ya moto chini. Nikamwambia, mama, samahani, tulipaswa kuwa wawili, mwenzangu ametuangusha, ndiyo kwanza nimejua leo asubuhi. Alinitazama, hakuelewa. Akanijibu akichanganya Kirundi na Kiswahili.

"Apana. Yule wa Kongo alisema mutu mmoja. Tangu Pasaka. Alisema atakuja mama wa makelele, anasikia baridi ya miguu, nimupe blanketi mbili na maji. Akasema nisimuache ale peke yake."

Niliketi kitandani na buti zangu. Tangu Pasaka, Yaya. Kabla ya viatu. Kabla ya konje. Siku ulipokuja kuniambia umepata chumba, chumba kilikuwa changu tayari. Jioni zote zile ulizokaa kwangu ukipanga, hukuwa na safari yoyote ya Bugarama, ulikuwa na yangu. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia, na sasa mwanamke nisiyemjua ananivua viatu ananitia miguu kwenye maji. Nililia, kisha nikacheka kwa ajili ya hilo neno makelele, kisha nikalia tena. Mama Consolata alikaa nami mezani hadi nikamaliza sahani. Alikuwa ameahidi, akasema.

Jumapili alinipeleka hadi pale chai inapoanzia. Nikadhani tunaendelea pamoja. Akasimama. "Njia ni hii moja tu. Panda." Nikamwomba anisindikize kidogo, akatikisa kichwa akitabasamu, na nikajua huyu naye umemwagiza. Nilikaribia kurudi. Lakini nikaisikia ile sauti yako mgongoni, we tangulia, mi niko nyuma, na nikakasirika upya, na hasira ikanipandisha. Nilipumzika mara nyingi. Nilizungumza peke yangu kwa sauti. Wachumaji wa chai waliokuwa wanatoka misani waliniamkia na kuuliza nani amefariki, naapa, neno kwa neno kama ofisini kwetu.

Juu kulikuwa na upepo na jua. Nikageuka upande wa magharibi.

Ziwa lilikuwa dogo sana chini. Ule ukuta wako nao umekuwa mfupi, Yaya. Nyuma yake kuna milima mingine, mirefu kuliko ile, na nyuma ya hiyo kuna mingine, ya buluu, inayoishia angani. Sikutegemea. Miaka yote nilikaa nawe pale kona nikiamini kwamba nyuma ya ukuta kuna kitu kimoja, kijiji chako na kanisa lake, basi. Nilishtuka kuona ni nchi nzima. Sasa nikuonyeshe ipi?

Kanisa sikuliona, nisikudanganye. Moshi wa jiko la mtu sikuuona. Lakini palikuwa na bega moja la mlima, nyuma kabisa, ambalo jua lilikuwa limeshalifikia, na majani yake yalikuwa ya kijani hafifu kama ya malisho. Nikanyoosha kidole kama ulivyonifundisha. Nikasema kwa nguvu, "Yaya, ni pale?" Nikangoja. Kweli nilingoja, mimi mwanamke mzima, kidole hewani, nimesimama kileleni mwa mlima nasubiri unijibu ndiyo au apana.

Nadhani sasa nimekuelewa. Ungeniambia, ningekaa na huzuni yangu ndani ya geti hadi siku ya kuondoka kwako, na kuanzia siku ya pili nisingetoka tena. Hukujua jinsi ya kuniacha chini, ukanipandisha. Nimeelewa, lakini sijakusamehe, hayo ni mambo mawili. Nataka siku moja simu ilie niisikie sauti yako, nikugombeze vizuri, na wewe ucheke hadi ushike meza. Kama huko mna meza.

Termosi yako inashika moto kweli. Jumamosi mbili hizi nimekwenda kwenye spoti bila kugongewa geti. Natembea mkiani peke yangu, na penye mlima bado nasikia mtu mgongoni.

Mwanzo nilikunyima salamu. Ukweli ni kwamba sikuwa nazo, nilikuwa nimeshazitumia. Kule juu, baada ya kungoja jibu lako, nilivua kitenge changu kichwani nikakipunga kuelekea lile bega la mlima. Nikawaambia watu wa kwenu kwamba unaitwa Furaha, u mzima, watoto wako wazima, na mlango ule mliouacha wazi, anayepita aufunge.

Mimi,
mudogo wako wa Mutakura, mama wa makelele