Mdomo wa Mama Mkwe

Madale, Jumapili

Dada Monica mpendwa,

Shikamoo. Sasa hivi Deo kaja mbele yangu, kauvuta mdomo upande kwa kidole, kasema yeye ni bibi. Nimecheka, halafu nikalia. Nyie huko Masasi hamjambo? Presha ya baba imetulia? Sie tunaendelea, isipokuwa mama mkwe. Kwenye simu nisingeweza, ukuta wetu na wake ni mmoja, angesikia, ndiyo maana nampa jirani yetu Adelard, anayesafiri kuja huko, barua hii aje nayo.

Jenipher unamjua, mke wa shemeji wa Mikocheni. Akija mara moja na mkate wake wa dukani, mama anamwita mwanangu. Mie ninayemsugua mgongo mwaka wa tatu huu ni mama Deo tu. Inaniuma, dada.

Jumanne ya wiki ile nyingine, saa mbili asubuhi, nilimwekea chai na mihogo. Akaniangalia, mdomo umekwenda upande. Nikajua ananibinulia, maana jana yake alisema mihogo ya Jenipher ndiyo inaiva. Chai ikamchuruzika kifuani. Nikasema anaitema kwa kuwa ni yangu. Akaongea maneno mazito kama ya mlevi. Nikaenda zangu kufua, nikijisemea kama kanuna anune, Jenipher wake atakuja kumbembeleza.

Na kweli akaja saa tano, kaleta dawa za mama za kila mwezi. Hata hakuketi. Alimwambia mama atabasamu, ikacheka nusu tu ya uso. Anyanyue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka. Ataje jina lake, akabwabwaja. Jenipher akanigeukia akasema hicho ni kiharusi, kazini kwao walifundishwa, hakuna kungoja hata dakika, nikaite bajaji.

Sasa ukoo mzima unasema Jenipher ana macho. Fransis wangu kampigia kumshukuru, mie nikiwa hapo hapo namenya vitunguu.

Dada, macho hata mie ninayo. Kule hospitali daktari aliuliza ilianza saa ngapi, maana kuna dawa inayotolewa kwa kuhesabu saa. Jenipher akasema saa tano. Nikamwacha aseme hivyo. Daktari akatoka, ndipo nikamkimbilia koridoni nikamwambia ni saa mbili, nilimwona, nikadhani ananidharau. Hakunigombeza. Alisema tu kila saa inayopita inaondoka na kitu. Imeondoka na mkono wa kulia wa mama. Fransis hajui.

Ila mama ameanza kuufinya mpira wa Deo kwa mkono huo, kidogo kidogo. Na wewe umtazame baba: uso, mkono, maneno. Ukiona kimoja kimekwenda kombo, mkimbize hospitali, usimtafutie sababu.

Wasalimie wote, shemeji na watoto. Mbusu baba kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Yustina

Ngoja, sijaifunga bado. Tangu mama arudi kutoka hospitali, neno moja tu ndilo linalomtoka vizuri, na anatuita nalo wote, hata Deo: Jeni. Haya, huyo anaita. Jeni! Jeni! Jenipher yuko kwake Mikocheni, kwa hiyo anayetakiwa ni mie. Naitika, dada. Naenda kumnywesha chai, na leo nitamwambia mwenyewe kwamba asubuhi ile niliuona mdomo wake, nikaenda zangu kufua.