Mbuzi wa Ntheo na Asilimia za Rais

Jumamosi, 7 Februari 2026

Wamekuja! Chengo wangu, baba yake Mzee Mangi, na wajomba wawili, kutoka Kinango mpaka hapa kwetu Shimba Hills, na mbuzi watatu nyuma ya pikapu. Mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba hao ndio ndoa yenyewe — harusi ya kanisani ni nguo na picha tu. Beberu achinjwe, pande mbili zimle pamoja, basi, umeolewa. Beberu mwenyewe ni mweupe, baka jeusi mgongoni, mnene hasa. Mzee Mangi akasema kwa ule utaratibu wake kwamba Waduruma wanajua kuheshimu mila za watu.

Baba akapokea kamba. Kisha redio ikasema.

Kura ya maoni: uchaguzi ungefanywa leo, Rais angepata asilimia ishirini na nane. Na Mzee Mangi ndiye mwenyekiti wa chama cha Rais kule kwao! Kofia ya chama kichwani. Baba akakohoa. Akasema leo kisu ni butu, beberu atachinjwa siku nyingine.

Kisu butu! Mama alikinoa asubuhi nikimwona.

Wageni wakanywa chai, wakarudi na njaa zao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili, 8 Februari 2026

Baada ya ibada Baba akaniita nyuma ya kanisa. Eti Rais amekwisha, na wanaomfuata wamekwisha. Eti sisi tuliopewa makazi na serikali hapa kwenye skimu bado tunasubiri hati za mashamba, na hati zitatolewa na serikali mpya, je, serikali hiyo itupe sisi wakwe wa walioanguka? Atangoja utafiti mwingine. Wakizidi kushuka, mbuzi watarudishwa.

Nikamwuliza, Baba, kura ni lini? Agosti, mwaka ujao! Akasema namba hazidanganyi.

Namba! Waliulizwa akina nani? Hapa mlimani simu zenyewe mpaka upande juu ya tangi ndipo zishike. Hivi mtu hupanda mahindi leo akaanza kuuza magunia jioni? Nchi nzima imegeuka waganga wa ramli, na Baba ndiye mkuu wao. Mtu hajui mvua ya wiki ijayo lakini anamjua rais wa mwaka ujao.

Jumatano, 11 Februari 2026

Kazini Ukunda. Duka la dawa za mifugo, lakini leo mifugo ni Rais. Wamesimama mbele ya kaunta wanarushiana asilimia mpaka mtu anasahau dawa ya kupe aliyoijia. Mmoja akasema rais aliye kitini hashindwi, ana serikali. Mwingine akasema huyu ameshakwisha, hata nyanya yangu anajua. Mzee Iddi wa Tiwi akawaambia ameshaona waliozikwa mapema na magazeti wakaapishwa, na waliosifiwa mapema wakaanguka, kwa hiyo wamwachie nafasi anunue dawa ya kuku wake. Mwenye akili mmoja katika mji mzima!

Chengo akaja mchana. Macho chini. Anasema baba yake siku hizi haongei, na ile kofia haivai tena. Kisha — sikuamini masikio yangu — akasema labda na sisi tungoje kidogo, huenda utafiti ujao ukawa mzuri.

Hata wewe? Nikamwambia mimi si kiti cha ubunge. Kama ananitaka anitake na asilimia sifuri. Akacheka, bwege huyu, kisha akaona sicheki. Akasema ananitaka, na atakuja kunichukua hata Rais apate kura moja, ya mkewe. Hapo nikacheka. Nampenda, nifanyeje?

Ijumaa, 13 Februari 2026

Mbuzi wa ndoa yangu wamekula kunde zote za Mama. Beberu ndiye kiongozi wa msafara. Baba anawatazama, hachinji, harudishi. Jioni anabadilisha stesheni za redio mpaka betri zinalia.

Alhamisi, 19 Februari 2026

Jirani yetu Elijah amemletea Baba kadi ya upinzani. Baba akaipokea kwa mikono miwili, kama sakramenti! Jumamosi viongozi wa upinzani wanakuja kula kwetu, na kuna mgeni mkubwa aliyehamia kwao kutoka upande wa Rais. Jina Elijah hakulitaja. Siri, alisema, huku akimwambia kila mtu kwamba ni siri.

Jumamosi, 21 Februari 2026

Naandika jikoni, mlango wazi. Bado wamo uani. Lazima niandike sasa hivi, nikingoja nitadhani niliota.

Asubuhi Baba alitaka mbuzi wa kuchinjia wageni. Wake wako tisa. Lakini Baba na ubahili wake! Huyu ananyonyesha, yule bado mdogo, yule ana bei nzuri. Akamfungua beberu wa ntheo. Akasema beberu ni beberu, akija kurudisha atanunua mwingine. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu. Kisha akampa Baba kisu. Kilikuwa kikali mno.

Saa saba wageni wakafika. Elijah mbele, wengine watatu, na mgeni mkubwa nyuma, kofia mpya kichwani.

Mzee Mangi!

Ati naye alisikia ile ishirini na nane. Akahama. Na Chengo yuko naye, ndiye aliyeendesha pikapu, naye hakuambiwa safari ni ya wapi mpaka wakakunja kona ya kwetu. Baba alibaki ameduwaa, kisha akawakumbatia wote, karibuni, karibuni sana. Nyama ikaletwa. Wakala, jamani, walikula! Mama akanitilia kipande kinono mdomoni kwa mkono wake, nikatafuna.

Mzee Mangi akainuka kunawa. Ngozi ilikuwa imeanikwa uani. Nyeupe, baka jeusi mgongoni. Akaitazama. Akarudi pole pole, akasema, Mzee Musau, huyu mbuzi namjua. Baba akatokwa jasho, kisha akakumbuka sasa wote ni upinzani — akapasuka kicheko. Mkwe! Mkwe wangu! Wakashikana mikono, mafuta yanachuruzika. Ndoa! Chengo akanitazama kutoka upande wa pili wa uwanja na mimi nikaanza kulia, na sikuona haya.

Kisha redio.

Utafiti mpya. Rais amepanda. Arobaini na moja, anaongoza. Wiki mbili tu! Au amefufuka, au wale wa kwanza waliota.

Mzee Mangi amevua kofia mpya, ameiweka juu ya goti, anaigeuzageuza. Anamwuliza Elijah kama kuhama kumeshaandikishwa. Baba naye ana mfupa mkononi, anamtazama Mangi, anamtazama Elijah, hajui sasa mkwe ni nani. Mara anasema, kwa sauti ya chini, kwamba hii nyama lakini ilikuwa ya wageni wa chama tu, si ya mila. Mzee Mangi anaitikia haraka, naam, naam, hata mimi niliona ni nyama ya kawaida.

Wazee wazima! Hawana haya!

Mama ametoka jikoni. Amesimama katikati ya uwanja na sufuria tupu. Anasema, na mimi nafanya utafiti wangu. Hapa hapa, leo leo, si wa simu. Ambaye hakumla beberu huyu anyooshe mkono.

Hakuna anayenyoosha. Elijah anatazama viatu vyake. Mzee Mangi amekalia mikono yake. Chengo ameshainuka, anakuja huku mlangoni kwangu, wote wanamwona.

Na Baba — Mungu wangu — Baba anaanza kuinua mkono wake, polepole, unang'aa mafuta mpaka kwenye kiwiko —