Mvua Ambayo Hukuipima, Baba

Baba,

Arobaini yako ilisomwa vizuri, watu walikula wakashiba, na Mama amerudi dukani. Mimi nimekasirika. Nimejaribu kuwakasirikia watu wengine nikashindwa, kwa hiyo nakuandikia wewe mwenyewe.

Nilifungua daftari zako za mvua ili nizinakili upya kabla ya kwenda kuanza masomo ya uzamivu. Nikafika kwenye wiki ile tuliyokwenda Kabambare kumzika Shangazi. Unakumbuka? Pikipiki moja, mimi katikati, wewe nyuma umepakata gunia la mchele, njia nzima unamgombeza dereva. Siku sita hatukuwa hapa nyumbani Kasongo. Lakini daftari ina mvua ya Kasongo kila siku, na kimo cha mto, kwa mwandiko wako.

Nikamuuliza Mama. Hakuacha hata kuchambua mchele. "Ile kipimo ilivunjika zamani, wewe uko mudogo. Baba yako alikuwa anaandika tu, juu ya vile ulikuwa unapenda kusoma."

Kweli nilipenda. Kila siku baada ya magharibi nilikusomea namba zako kwa sauti. Ndizo zilizonipeleka kwenye fizikia, fizikia ikanipeleka kwenye kompyuta, nikaandika programu ya kukisia mto utapanda lini, ili wenye pikipiki wajue siku ya kuvuka na siku ya kungoja. Niliirekebisha mpaka ikalingana na daftari zako. Profesa wangu alishangaa jinsi ilivyolingana. Mto wa kweli hauna adabu hivyo, Baba! Programu yangu haikuujua mto, ilikujua wewe, na mtu angeiamini akaingia majini.

Ya utotoni ningeyameza. Kinachoniuma ni siku ile nilipokuja na kompyuta, nikaiweka mezani, nikakuonyesha mstari wangu ukipita juu ya nukta zako. Ukasema, "Iko sawa kabisa, mama yangu." Machozi yakakutoka. Nikadhani ni furaha, mjinga mimi, nikakufuta kwa kitenge changu. Tulikuwa wawili tu, hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Kwa nini hukusema? Mimi ningekasirika wiki mbili, kisha ningekupikia mboga ya sombe, yakaisha.

Nimemwandikia profesa ukweli. Nafasi yangu imesimamishwa, na huenda akapewa mwingine. Aliuliza ni nani aliyechukua vile vipimo. Ningeweza kuandika kwamba ni mzee mmoja, amekwisha kufariki. Niliandika: baba yangu. Nililia nikiandika, na sijui nilikuwa namlilia nani kati yetu.

Nimenunua kipimo kipya, kiko uani. Jana hakikupata hata tone, nikaandika sifuri. Mama alinitazama, akacheka kidogo, akaingia ndani.

Nakuombea dua kila swala. Sijaacha na sitaacha, ila kwa sasa nakuombea nikiwa nimekunja uso, na Mungu ananiona. Pumzika, Baba. Nakuahidi hivi: mtoto wangu akinijia siku moja kuniuliza mvua ya leo ilikuwa kiasi gani, na mimi sikupima, nitamwambia sikupima. Hata kama atalia.

Binti yako,
Mwajuma