Nilisema Ampli Imerudi

Maman Eulalie mpendwa,

Nimekusoma tangu gazeti hili lilipokuwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, na muda huo wote nilikuwa nikicheka matatizo ya wengine, sasa zamu yangu imefika na sicheki tena, nakuomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Ukichapisha barua hii badilisha majina.

Nina miaka thelathini na mmoja, nimeoa, nafanya kazi ya ofisi katika shirika moja hapa Bukavu, na Jumapili napiga gitaa katika chorale, kwaya ya paroisse yetu. Nina maswali mawili, la kwanza ni dogo, lakini bila hilo hutaelewa la pili, kwa hiyo univumilie. Mwezi wa nane binamu yangu Joviale, anayesoma Ubelgiji, alitutumia mashine mbili za gitaa kupitia kwa Sista mmoja aliyekuwa akija huku, akasema rafiki zake wa muziki wanatupatia moja tu, tujaribu zote mbili, tubaki na itakayotufaa, na nyingine Sista arudi nayo Jumatatu tarehe ishirini na mbili mwezi huu wa kumi. Ya kwanza ni ya kukanyaga kwa mguu, chuma kitupu, ina effets hamsini ndani yake, mwangwi, mtetemo, sauti inayozunguka kama pangaboi, unabadilisha kwa kidole gumba cha mguu bila kuacha kupiga, na inatumia mawe sita ya radio, betri za kawaida, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua thamani yake hapa kwetu, ambako courant, umeme, inakuja ikipenda. Ubaya wake sauti ni kavu, gitaa linalia kama limefungiwa ndani ya debe, na kila ukibadilisha inanyamaza kidogo, nusu ya pigo tu, lakini waimbaji wote wanageuka kukutazama. Ya pili ni kisanduku cha plastiki kisichozidi ukubwa wa misale, kazi yake ni kuigiza ampli, amplifaya ya gitaa, maana ndani mna kompyuta iliyofundishwa sauti za ampli kumi na sita za zamani, zile za lampe, taa za kioo zinazowaka ndani, unazungusha vifundo, unachagua, unachomeka kwenye baffles, spika kubwa za kanisa, na watu wanasikia ampli ambayo haipo. Hiyo sauti yake ina joto, Maman, inakushika kifuani. Lakini haijui mawe, groupe, jenereta ya paroisse, ikikohoa tu inazimika na kusahau yote uliyoipanga, na kuibadilisha lazima uiname kwa mkono katikati ya wimbo kama mtu anayetafuta kifungo cha shati.

Nikaamua kuipima vizuri hiyo ya kuigiza. Nina kaseti ya mwaka wa themanini na tisa ya Muzee Télesphore, aliyenifundisha gitaa mimi na nusu ya wapigaji wa Kadutu, na kwa wiki mbili nilikuwa nikitoka kazini naisikiliza, nazungusha kifundo hiki, narudisha kile, mpaka siku moja mke wangu Yolande akatoka jikoni akiuliza ni nani amewasha kaseti, na mimi kaseti nilikuwa nimeshaizima.

Sasa nikuambie habari za Muzee Télesphore. Alikuwa na ampli ya lampe, nzito, watu wawili kuibeba, aliipigia tangu ujana wake, na vita vilipofika mjini mwaka wa tisini na sita, kabla ya kukimbilia Kalehe na mke wake, Maman Godelive, aliificha chini ya mbao katika karakana ya jirani yake Raphaël, seremala, rafiki yake tangu utoto, ambaye alibaki nyuma kuangalia nyumba zote mbili. Pillage, uporaji wa askari, ikapita. Muzee aliporudi ampli haikuwepo, akasema mahali pale palijulikana na watu wawili tu, yeye na Raphaël, na tangu siku hiyo hakumsalimu, miaka mitano, wote wawili ni wa paroisse moja, mmoja anakaa mabenchi ya kulia na mwingine ya kushoto.

Pia ujue kwamba baada ya pillage Abbé, padri wetu, alifungua chumba kimoja nyuma ya sakristia, hakina kufuli, akatangaza aliyechukua kitu cha mwenzake akilete pale, bila jina na bila maswali, na watu walileta kweli, vyerehani, milango, magodoro, hata kiti cha daktari wa meno, na mpaka leo mara moja moja kitu kinaonekana pale asubuhi, mwenyewe anakuja, anachukua, haulizi. Ndiyo desturi yetu, haiulizwi.

Basi Alhamisi iliyopita tulikuwa na mazoezi mchana, nimechomeka ile ya kuigiza kwenye baffles, napiga, Muzee akaingia akiongozwa na Maman Godelive, kwa sababu mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili na anaona vivuli tu. Akasimama mlangoni. Akasema, "Godelive, sikia. Ile ni ampli yangu." Machozi yakaanza kumtoka, akaja mpaka nilipo akipapasa mabenchi, akaniuliza, "Didier, mutoto yangu, baliirudisha?"

Maman Eulalie, nilikuwa na pumzi moja ya kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo, Papa, baliirudisha."

Nilidhani ni zawadi. Lakini Muzee alikwenda nyumbani akafikiri, akasema mwenye kuirudisha ni Raphaël, nani mwingine, moyo umemsuta, na kesho yake asubuhi akamngojea njiani akamshika mkono na kumwita ndugu. Sasa anawaambia watu wote kwamba Jumapili ijayo, ya Misioni, wakati wa matoleo, atasimama mbele ya kanisa amkumbatie Raphaël na kumsamehe, na Abbé amekubali kwa furaha. Anaomba pia aiguse ampli yake, nami nimemwambia iko juu karibu na baffles, si rahisi kuifikia, kwa hiyo uongo umeshazaa.

Jumamosi Raphaël alikuja kwangu, akakaa, hakutaka hata maji. Akasema, "Didier, mi sikuipeleka mu kile chumba. Na sikuikamata. Lakini Télesphore alinisalimia. Miaka tano, Didier! Sasa nimuambie je, eti akamate salamu yake, anirudishie ukimya? Nimechoka." Kisha akasema kwamba binti yake Fabiola alirudi kutoka sokoni akilia, kwa sababu wamama walimwambia, "Baba yako alirudisha, ni vizuri." Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikamwambia, "Papa Raphaël, tumwachie Mungu." Akaniangalia, akaondoka.

Nikisema ukweli, salamu ya wale wazee itakufa na Muzee atarudi kumwita mwenzake mwizi. Nikinyamaza, wamepatana. Nimefikiri nimpe Sista ile ya kuigiza arudi nayo, tubaki na ya kukanyaga, niseme ampli imeungua na haitengenezeki, mambo yaishe. Je, hiyo siyo njia nzuri? Naona aibu hata kuuliza.

Didier, Kadutu

*

Didier, jina siyo lako lakini utajijua, na nusu ya Kadutu itakujua pia, kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa mkono leo Jumanne. Wasomaji wengine watalisoma baada ya Jumapili ya Misioni, mambo yakiwa yameshakwisha, kwa heri au kwa fedheha.

Tuanze na mashine, nisije nikaambiwa nimekwepa swali. Marehemu mume wangu alipiga bass miaka kumi na miwili, nyumba yangu ilikuwa na nyaya kuliko sufuria, kwa hiyo usidhani sijui unachosema. Effets hamsini za nini kwenye misa? Mume wangu alikuwa akisema mpigaji anayependa mwangwi mwingi ana vidole vya kuficha. Ile ya kukanyaga ingekufaa kama mngekuwa mnatembelea chapelle za Miti na Kavumu kila mwezi, penye radio ya mawe tu ya kuchomekea. Lakini barabara zikiwa hivi, mmekwenda mara ngapi mwaka huu? Jumapili mnapiga kwa groupe, na kwa groupe ile ya kuigiza inashinda. Inasahau ikizimika? Andika namba za vifundo kwenye karatasi, ibandike mgongoni, uikumbushe. Unainama kuibadilisha? Usibadilishe. Sauti moja nzuri inatosha wimbo mzima. Baki nayo, mpe Sista ile ya chuma, mshukuru Joviale kwa barua ndefu kuliko hii uliyoniandikia mimi.

Nasema baki nayo kwa sababu nyingine pia. Wewe unataka kuirudisha ili ukafukie ushahidi. Mashine haijadanganya mtu, Didier. Imetengenezwa kuigiza, haikuficha, hata mtoto akikuuliza utamwambia inaigiza. Aliyedanganya ni mdomo wako, na huo Sista hawezi kuubeba kwenye sanduku lake.

Sasa nisikilize. Ule "ndiyo" wako wa kwanza nakusamehe kabisa. Mzee analia mbele yako, anauliza, na wewe unampenda. Mimi mwenyewe mwaka ule wa vita nilipoteza vitu ambavyo mtu akiniambia leo vimerudi nitamwamini kabla hajamaliza kusema, na huyo mtu sitamtafutia kosa. Kwa hilo nakuonea huruma. Lakini Jumamosi alipokuja Raphaël, mzee aliyekuzidi umri, akakaa kwenye kiti chako akakuambia maumivu yake, na wewe ulikuwa na jibu lake mfukoni ukampa Mungu lawama za kubeba, hapo nilitaka nije na mwiko. Tumwachie Mungu! Mungu hakuwepo kwenye mazoezi akisema "baliirudisha."

Unasema wamepatana. Hawajapatana. Télesphore amepatana na mwizi aliyemtubia, na mtu huyo hayupo popote Bukavu. Tazama litakalotokea Jumapili ukinyamaza: kanisa zima litalia, chorale itaimba, kila mtu atasema ilikuwa nzuri, na Raphaël atatoka pale mwizi. Leo anashukiwa tu, na anayeshukiwa anaweza bado kusema "si mimi." Akishasamehewa mbele ya watu atasema kwa nani? Binti yake ameshaanza kulipa sokoni, na Jumapili yenyewe haijafika. Raphaël anakubali kwa sababu amechoka, umeandika mwenyewe. Mtu akichoka kiasi hicho wewe kijana huruhusiwi kufaidika na uchovu wake.

Unaogopa kwamba ukweli utaua salamu. Inawezekana. Siwezi kukuahidi vingine, mimi si mganga. Télesphore anaweza kukasirika, akakufukuza, akakaa tena mabenchi ya kulia mpaka kufa kwake. Lakini njia ya mwongo ni fupi: mzee ameshaomba kuigusa ampli, wiki ijayo ataomba tena, na siku mikono yake itakapokuta plastiki ndogo mahali pa mbao na chuma, atajua yote mara moja, na hapo atawapoteza nyote wawili. Bora ausikie ukweli kwako angali na furaha ya kumfanya awe mpole.

Kwa hiyo, kesho jioni ukitoka kazini, kabla ya chakula, unakwenda kwa Raphaël. Mke wako umwambie unakokwenda na kwa nini, maana bila shaka hujamwambia. Kesho kutwa, mkiwa pamoja, mnakwenda kwa Télesphore, Maman Godelive awepo. Unamwekea kisanduku mikononi. Unasema, "Papa, ni hiki. Hakuna aliyerudisha kitu, ni mimi niliyeiigiza sauti yako na nikasema uongo." Usiongeze "lakini." Akilia, mwache alie. Akikutukana, pokea. Kisha unapita kwa Abbé kumwambia Jumapili hapana msamaha wa Raphaël, na kama mtu lazima asimame mbele ya kanisa, ni wewe, na gitaa liwe limeshazimwa. Kwa wale wamama wa sokoni nitakwenda mwenyewe, wananijua.

Chumba cha Abbé ni kitu kizuri, nakiheshimu, nilipata humo meza yangu. Kutouliza kumetusaidia kupata sufuria zetu. Ila mnaelekea kusahau kwamba sheria ile ilikuwa ya vitu, na Télesphore ameitumia kwa rafiki yake. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ambapo mtu yeyote, yeye, wewe, Abbé, alimwuliza Raphaël nini kilitokea katika karakana yake wiki ile, alipobaki peke yake kulinda nyumba mbili. Sikupaona. Anajua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, na pengine kilimpata yeye kuliko kilivyoipata ampli.

Basi kesho usianze na pole zako, hizo ni zako, zitasubiri. Mwambie, "Papa Raphaël, askari walipoingia kwako, walikufanya nini?" Halafu ukae chini, Didier, ufunge mdomo wako, na usiondoke mpaka amalize.

Maman Eulalie