Nilivyompeleka Bwana Afya Mwenge Nikiwa Ndani ya Dera

Jumamosi, mvua tupu. Inanyesha taratibu tangu alfajiri, wala haina dalili ya kuchoka. Bucha nilifungua, nikauza utumbo kidogo, nikafunga. Sasa nimekaa barazani hapa kwetu Mabibo na simu mapajani. Mke wangu, Mama Salma, yuko ndani.

Hatuongei. Yaani mie naongea, yeye haongei. Tangu juzi anazungumza na ukuta. Leo asubuhi nimemsikia akiuambia, "Chai ipo mezani, mwenye kinywa atakunywa." Nikanywa.

Tunasubiri daktari apige simu kuhusu paka.

Blogu hii niliianzisha niwafundishe watu kuchagua nyama: supu inataka sehemu gani, ya kuchoma unaitambuaje. Leo naandika dhambi yangu. Asiyependa kusoma dhambi za watu apite tu, ingawa najua hatapita mtu.

Paka mwenyewe anaitwa Bwana Afya. Jina nilimpa mie, enzi hizo akija buchani kila asubuhi. Anaingia, anapita chini ya nyama zilizotundikwa, anainua pua, anakagua kimoja kimoja, halafu anakaa mlangoni akisubiri chake. Wateja wakacheka, jina likaganda. Binti yetu alipoolewa na kuhamia kwa mumewe, nyumba ikapoa, Mama Salma akamhamishia paka mapenzi yote. Anamlaza kwenye madera yake. Anamsimulia mambo ambayo mie sisimuliwi.

Sasa, mwaka jana Bwana Afya aliiba maini ya mteja. Kilo mbili, za shughuli, nimeshayapima na kuyafunga. Nikapandwa na hasira jamani, hasira za muuza nyama mnazijua wenyewe. Kesho yake Mama Salma alipokwenda sokoni nikamshika paka, nikamtia kwenye kiroba, nikafunga mdomo kwa kamba, nikapanda bodaboda mpaka Boko, mbali huko njia ya Bagamoyo. Njia nzima alilia. Nikamfungulia karibu na wakaanga samaki, nikajiona mtu mwenye huruma kwa kuwa nimemchagulia mahali penye chakula.

Baada ya siku kumi na moja akarudi. Kwa miguu. Sikio limechanika, mbavu unazihesabu.

Mama Salma alilia, akapika maandazi akawagawia watoto wa mtaa mzima. Mie nikasema, "Alikuwa kwa majike huyo." Nikala na andazi.

Tangu siku hiyo Bwana Afya akiona kiroba, hata kitupu, yuko juu ya kabati. Akisikia sauti yangu, chini ya kitanda. Mama Salma akasema paka kachukia harufu ya nyama. Nikamwambia inawezekana. Paka anayeogopa nyama! Na mtaa mzima ukaamini.

Haya. Juzi Alhamisi Mama Salma alikuwa Mbagala, msibani kwa mama yake mdogo. Nimerudi nyumbani adhuhuri kubadilisha shati, namwona Bwana Afya kwenye lundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya nyumba. Anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu. Anahama, anachuchumaa tena. Mara ya tano akalia, kilio ambacho sijakisikia tangu ile safari ya Boko.

Nikampigia daktari wa mifugo aliyeko Mwenge, binti mmoja ambaye huwa namuuliza habari za mbuzi.

"Ni dume?" akauliza.

"Dume."

"Mlete leo, mzee. Mkojo umeziba. Ukisema kesho, unaweza kuniletea maiti. Nafunga saa kumi."

Nikampigia Mama Salma. Nyuma yake nasikia watu wanasoma hitima. Akasema, "Baba Salma, mama mdogo nimeshamzika. Usinizikishe mara mbili wiki hii. Natoka sasa hivi, tutakutana huko huko."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Nikaazima tenga la kuku kwa jirani yetu, Bi Sauda. Nikaingia nalo chumbani, na Bwana Afya alipoliona akaruka juu ya kabati. Nikapanda kigoda. Akarukia bega langu, akaacha alama zake hapo, akaingia uvunguni. Nikaingia na mie. Mtu wa kilo tisini na tano hana kazi uvunguni. Nilinasa kiuno, ikabidi Bi Sauda aje kunivuta miguu, na anavuta huku anacheka mpaka nguvu zinamwishia. Nikamtegea paka maini, nikamwambia kwa sauti ya upole, "Njoo baba, njoo." Kusikia tu ile "baba" akajibana ukutani akitetemeka.

"Paka anakuogopa kama mtoa roho," akasema Bi Sauda. "Umemfanyaje?"

"Harufu ya bucha," nikasema.

"Basi kaoge."

Nikaoga. Nikaoga tena kwa sabuni ya Mama Salma, ya liwa. Nikatoka, na kukanyaga tu mlangoni paka akanguruma. Saa nane imeshapita. Hapo nikamwona anajaribu kuchuchumaa kule kule uvunguni, akashindwa, akalala ubavu. Nikaishiwa ujanja. Nilikaa kitandani nikasema, Ya Rabi, huyu anakufa kwa kuniogopa mie.

Mkono wangu ukagusa dera. Lile la Idi, la zambarau, lenye nakshi za dhahabu kifuani, analolalia paka kila siku. Linanuka udi.

Nikamtoa Bi Sauda chumbani. Nikawasha mkaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikajifukiza kama bibi harusi. Nikavaa dera. Nikajitanda mtandio mpaka machoni. Nikakaa chini sakafuni, miguu nimenyoosha kama anavyokaa mwenyewe, nikafunga mdomo. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya kufunga mdomo.

Alikawia. Ikatoka pua, ikarudi. Yakatoka masharubu. Akanusa upindo wa dera, akanusa tena, akanitazama usoni pale mtandio ulipoachia, na nadhani alijua, wallahi nadhani alijua. Lakini alikuwa anaumwa. Akapanda mapajani pangu, akajikunja, akaweka kichwa tumboni kwangu.

Nililia. Naandika hivyo hivyo, nililia, mwanaume mzima kwenye dera.

Nikamzungushia kanga polepole nikamwacha pua tu, nikamkumbatia kifuani. Nikajaribu kuvua dera kwa mkono mmoja. Makucha yakazama. Nikajaribu tena, yakazama zaidi. Saa tisa kasorobo. Basi nikatoka hivyo hivyo, na kwa bahati chini nilikuwa na bukta.

Bajaji ikasimama. "Wapi, mama?" akauliza dereva. Kisha akaona ndevu. "Aa... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenge," nikamnong'oneza.

"Kuna shughuli?"

"Endesha, bwana."

Akaendesha, ila kioo chake cha pembeni alikigeuza kinitazame mie badala ya barabara. Na foleni, kwa kunikomoa, ikatukamata mbele ya bucha yangu kabisa. Mteja wangu wa miaka, mtu wa heshima, swala tano, alikuwa anagonga kidirisha cha bucha akiniita. Akageuka, akaona dera kwenye bajaji, akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, bi mkubwa."

Ningefanyaje? Nikisema kwa sauti yangu paka ataruka. Nikabana koo. "Marahaba, mwanangu."

Ana miaka sitini na mbili yule.

Tumefika Mwenge saa tisa na nusu. Daktari alinitazama, akamtazama paka, akanitazama tena. Hakucheka, Mungu amlipe. Akasema tu, "Mweke mezani, mzee, ila usimwachie." Akampapasa tumbo. Kibofu kimejaa, kigumu kama limao. Akaweka vipimo vyake masikioni, akasikiliza moyo.

"Atapona?" nikauliza.

Akainua kidole. "Hebu ongea tena."

"Niongee nini?"

"Basi, nyamaza." Akasikiliza. "Ongea."

"Daktari, mie sielewi..."

"Nyamaza." Akavua vile vipimo. "Mzee, kila ukifungua mdomo moyo wake unakimbia mbio. Ukinyamaza unatulia. Ulimfanya nini huyu paka? Nataka kujua, maana madume wengine mkojo huziba kwa kuishi na hofu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Salma alikuwa amesimama hapo, bado na kanga za msiba, anahema. Sijui aliingia saa ngapi. Alisikia swali, na mie niliona kwamba amelisikia.

Ningeweza kusema harufu ya nyama. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, mwaka mzima nimeyazoea. Lakini paka alikuwa amening'ang'ania kifuani, na nikiongea uongo au kweli moyo wake ungekimbia vile vile. Nikasema, "Nilimfunga kwenye kiroba nikamtupa Boko. Zile siku kumi na moja. Ni mie."

Daktari akajifanya anatafuta sindano.

Mama Salma hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Tulizunguka nyumba kwa nyumba kumtafuta."

"Tulizunguka."

"Mie nilikuwa nalia. Hodi ulikuwa unapiga wewe."

"Nilipiga mie."

Akaja mezani, akamchukua paka kwenye mikono yangu, na paka akaenda bila kutoa hata ukucha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Vua dera langu."

Nikavua. Pale pale, nikabaki na bukta na singlendi, na damu ya makucha begani. Daktari akaniazima koti lake jeupe, halikufunga kifungo hata kimoja. Akampiga paka sindano ya usingizi, akamwekea mpira wa mkojo. Ule mkojo ulipoanza kutoka, umechanganyika na damu, Mama Salma alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mie nilishika ukuta. Daktari akasema abaki hapo, watamtoa mpira Jumamosi, akiweza kukojoa mwenyewe amepona. Asipoweza, akasema, tutazungumza.

Njiani kurudi dereva wa bajaji nyingine aliniita dokta, akaniomba dawa ya mgongo.

Jana nilikwenda kumwona peke yangu. Nilisimama mbali, sikufungua mdomo. Yule daktari akaniambia nimletee nguo yangu yoyote ile, ambayo haijafuliwa, amtandikie, labda atanizoea upya akiwa usingizini. Nikampa shati langu la Ijumaa. Nilipoondoka paka alikuwa amelisogeza kwa mguu, kona ya mbali kabisa. Sikumlaumu. Mie ndiye niliyefunga ile kamba, nikakaza fundo mara mbili, na nilisikia vizuri alichokuwa anasema humo ndani.

Sasa hivi ni saa sita. Mvua haijaacha. Mama Salma ametoka akauambia ukuta, "Daktari alisema asubuhi. Hii bado ni asubuhi?" Ukuta umenyamaza, nikajibu mie: "Bado." Amesimama mlangoni, harudi ndani. Hatukai karibu, lakini wote tunaitazama simu hii hii.

Nimeandika hapo juu saa sita. Saa sita na dakika ishirini imeita.

Niliweka sauti ya nje, wote tusikie. "Mzee," daktari akasema, "amekojoa. Mwenyewe. Amekojoa kweli kweli, na amekojolea shati lako."

Mama Salma alipiga kigelegele hadi Bi Sauda akatoka na upawa mkononi. Mama Salma akanirukia, akanikumbatia shingoni, akasema "Alhamdulillahi, mume wangu, alhamdulillahi," na mie nikamshika, uso wake kwenye bega hili lenye alama za makucha. Halafu nikamsikia anakumbuka. Mwili ulikakamaa kwanza, mikono ikafuata. Akaniachia, akatengeneza kanga yake, akaingia ndani na kuuambia ukuta uandae tenga, uweke kanga laini chini, na usithubutu kwenda kumchukua paka bila yeye.

Naondoka nikatafute tenga. Alinisahau kama sekunde nne hivi, na katika hizo nne aliniita mume wangu.